Mashine ya figo ya binti yangu ilikuwa inafanya kazi mbele ya wageni tu

Wakuu, kwema? Walionizidi umri shikamooni.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Napita jukwaa la kilimo, napita la mapishi, naondoka bila kusema kitu. Leo naandika kwa sababu nina hasira, na pia kuna mambo sijayaelewa mpaka sasa. Vyote viwili nimechoka kukaa navyo peke yangu.

Haya yametokea ndani ya nyumba ninayolala, sijasimuliwa na mtu. Nikikosea jina la kitaalamu mnisahihishe taratibu, kipindi hiki nimesahihishwa sana.

Niko Magamba, juu ya Lushoto mjini, zile nyumba za mwisho kabla hujaingia msituni. Nimeolewa hapa. Form four nilimaliza, matokeo tusiyaongelee. Naishi na mama mkwe pamoja na binti yangu Upendo, ambaye ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Baba yake anaendesha lori la mboga, anashusha kabichi na karoti Dar. Nyumbani anapita tu.

Upendo figo zake zimekufa.

Naandika hivyo kwa sababu daktari naye alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Alianza kuvimba uso asubuhi, tukasema minyoo. Akavimba miguu, tukasema baridi ya huku. Mpaka mkojo ulipokata ndipo tukashuka naye hospitali, na toka siku hiyo maisha yetu yakawa ni maji.

Kwa wasiojua, kuna dialysis ya damu, hiyo mnaisikia sana. Na kuna hii ya tumboni. Mtoto anawekewa mrija laini tumboni, pembeni chini ya kitovu. Maji maalum yanaingia kwa mrija huo, yanakaa tumboni, yanavuta uchafu ambao figo zingeutoa, halafu yanamwagwa. Unaingiza mengine. Basi, ndiyo hivyo maisha yako yote.

Mwanzo tulifanya kwa mkono. Mfuko juu, mfuko chini, mchana kutwa, kila ukigeuka muda umefika tena. Shule hakuna. Shamba nikawa nalitazama dirishani.

Ndipo hospitali ya rufaa, siitaji ni ipi, wakatuazima mashine. Ni kama redio kubwa ya zamani. Unamfunga mtoto jioni, mashine inaingiza maji na kuyatoa yenyewe akiwa amelala, asubuhi unamfungua anavaa sare anaenda shule na wenzake.

Mnaelewa maana yake? Mtoto wangu alirudi kuwa mtoto mchana.

Lakini mashine si yetu. Ziko chache na kuna watoto wengine wanaisubiri. Waliniambia wazi kabisa kwamba nisipoitumia vizuri inakwenda kwa mwingine. Nikakubali. Nani angekataa?

Hospitali nilifundishwa. Kunawa mikono, kuvaa barakoa, kufunga mlango na dirisha upepo usiingize vijidudu, kuunganisha mrija bila kugusa ncha. Pale wodini Upendo alilala na ile mashine kama hakuna kilichoingia mwilini mwake. Nikasema Mungu ametukumbuka. Tukapanda nayo kutoka Mombo, nimeipakata mimi kona zote za Soni, mtu akitaka kunisaidia namkatalia.

Tulipofika nyumbani balaa likaanza.

Maji yakiingia, sawa. Yakikaa, sawa. Yakianza kutoka, sawa. Ila yakikaribia kuisha mtoto anashtuka usingizini analia, amekunja magoti, ameshika shuka. Kulia kwenyewe siyo kwa kudeka, mama unakujua.

Alikuwa anasema neno moja tu.

"Mama, inanivuta."

Nikisikia hivyo nabonyeza mashine isimame. Ikisimama, maji yanabaki tumboni. Asubuhi anaamka uso umejaa, macho yamekuwa mistari. Nisipobonyeza, analia mpaka mama mkwe anagonga ukuta kutoka chumba cha pili. Niambieni, ningefanya nini?

Nikawapigia hospitali. Wakasema tufanye video call waone.

Hapa inabidi niwaeleze kitu cha huku kwetu, maana bila hicho hamtaelewa.

Kwa mama mkwe wangu mgeni anaishia sebuleni. Sebule yake ina makochi yenye vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono wake, meza fupi ya katikati na kalenda ya usharika. Hakuna mtoto anayekaa humo na miguu michafu. Mgeni akija anaiona sebule, anakunywa chai, anaaga, anaondoka akijua nyumba hii ni safi.

Chumbani haonyeshwi mtu. Chumba changu na Upendo ndicho kinatunza mbegu za viazi za familia, kwa sababu kina giza na ubaridi. Vitanda vya hivyo mnavijua mliokulia huku milimani. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali kila mguu ili kreti na magunia yaingie uvunguni. Upendo hupanda kwa kukanyaga ndoo iliyopinduliwa. Mashine nayo, kwa kuwa soketi iko chini ukutani na nafasi ni finyu, niliiweka kando ya kitanda juu ya kreti tupu la soda, nimetandika ubao juu yake. Niliambiwa isikae sakafuni, na haikuwa sakafuni.

Sasa daktari anataka kuona nyumba kwa simu. Mama mkwe akasema daktari ni mgeni, na mgeni wa simu ni mgeni vile vile, haonyeshwi magunia. Mimi mwenyewe kusema kweli sikubisha. Na chumbani mtandao haushiki, kwa hiyo hata hoja ya kubishia sikuwa nayo.

Tukahamishia kila kitu sebuleni. Mchana. Upendo tukamlaza kwenye kochi, mashine juu ya meza fupi, shuka la maua. Mashine ikaingiza maji, ikatoa mpaka mwisho, mtoto anaangalia katuni anacheka.

Nesi anayetufuatilia, ambaye tunamwita sista, akaniuliza kwenye simu, "Mama Upendo, mbona iko sawa?"

Nikasema asante, nikakata simu.

Usiku ule ule, kilio kile kile.

Tukafanya video nyingine. Sawa tena. Na nyingine. Sawa. Wakuu, kuna kitu kibaya kama kuonekana mwongo mbele ya watu wanaomtibu mwanao? Nilianza kujiuliza kama ni mimi. Mashine ikionwa na watu inafanya kazi kama malaika, tukibaki nayo wenyewe inamtesa mtoto.

Na kila mtu akawa na lake.

Hospitali wakasema ni choo kigumu, utumbo ukijaa unabana mrija. Nikamlisha papai mpaka leo akiliona anageuza uso. Wakasema labda mrija umehama. Tukashuka kupiga picha, mrija uko mahali pake. Jirani akasema maji ni ya baridi, wakati mashine inayapasha yenyewe. Baba yake akasema kwenye simu kwamba umeme wa huku hauna nguvu. Nikamuuliza kwa hiyo mchana unazo? Akasema gari linamsubiri.

Mama mkwe akasema mashine ina aibu. Alisema kwa Kishambaa na kwa Kishambaa inachekesha zaidi. Kwamba kuna watu wa hivyo, wapole mbele za wageni, wakibaki nyumbani ni moto. Alimtaja na marehemu mume wake hapo hapo.

Nilicheka. Halafu nikalia jikoni.

Siku ya kliniki ilipofika nikapeleka ile kadi ya kumbukumbu inayokaa kwenye mashine. Daktari akaisoma, akasema mashine inaonyesha naisimamisha mwenyewe kila mara kabla maji hayajaisha. Nikamwambia ndiyo, mtoto analia. Akasema lakini video zote mtoto halii. Nikamwambia ndiyo.

Akaniangalia, akauliza, "Nyumbani kuna mtu mwingine anayeweza kusimamia hii mashine? Anayeelewa zaidi kidogo?"

Zaidi kidogo.

Nilitoka pale masikio yanawaka. Baada ya muda si mrefu wakapiga simu. Wamekaa wameamua, sista atakuja kuichukua mashine, Upendo arudi kwenye mifuko ya mkono. Na hiyo ikishindikana tuhamie mjini karibu na hospitali, aanze ya damu. Kuhamia mjini kwa nani? Na darasa la kwanza? Alikuwa ameshajua kuandika jina lake lote.

Siku ya sista kuja, mama mkwe aliamka mapema kuliko majogoo. Chai ya maziwa, viazi vya kuchemsha, plamsi, yale matunda ya huku milimani, kwenye sahani ya wageni. Vitambaa vimefuliwa. Akaniambia nitoe mashine niiweke mezani kama kawaida, ili angalau aone tunaitunza.

Sikuitoa. Sikuwa na mpango wowote, wakuu, msinipe akili ambayo sikuwa nayo. Nilikuwa na hasira tu. Nilijiambia kama wanaichukua, waje wainyanyue pale pale inapomtesa mwanangu.

Gari la hospitali likafika. Sista ni mtu mzima, nikamwamkia. Yeye naye akamwamkia mama mkwe vizuri, akakaribishwa kochi. Upendo akaja kumpa shikamoo, akakaa karibu naye kwa sababu anampenda, hajui amefuata nini.

Sista akauliza mashine iko wapi.

"Chumbani," nikasema. "Ingia."

Mama mkwe akasimama na birika mkononi. "Mgeni hapelekwi chumbani. Sista, kunywa chai kwanza, mashine inaletwa."

"Mama, leo anaingia."

"Mama Upendo."

"Leo anaingia, mama. Nisamehe."

Sijawahi kumjibu hivyo toka nimeolewa. Alibaki amesimama mlangoni mwa chumba, hajasogea, hajazuia. Tukapita ubavuni mwake. Upendo akatangulia, akakanyaga ndoo, hop, juu ya kitanda kama kila siku, akakaa miguu inaning'inia.

Sista akaangalia kitanda. Akaangalia matofali. Akaangalia mashine kule chini kwenye kreti. Akamsogelea Upendo.

"Mwanangu, mama anasema mashine inakuvuta. Inakuvuta wapi?"

Mimi nilijua atashika tumbo. Hakushika tumbo.

Alinyoosha kidole chini, kwenye kreti.

"Huko," akasema.

Sista akakaa kwenye gunia la viazi. Kwa sketi yake nyeupe. Mama mkwe alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Akaniuliza, "Video zote mlifanyia wapi?"

"Sebuleni."

"Kwenye kochi lile?"

"Lile lile."

Akashika kichwa.

Hakueleza kwanza. Tulinawa, tukavaa barakoa, tukafunga mlango, akamuunganisha Upendo pale pale kitandani, mchana kweupe. Maji yakaingia, yakakaa kidogo, akayaamuru yatoke. Yalipokaribia kuisha, mtoto akakunja magoti. "Mama, inanivuta." Sista akaisimamisha haraka. Akaniambia nishike upande huu, tukainyanyua mashine mpaka usawa wa godoro, tukaishikilia hapo, akaiwasha iendelee kumalizia.

Upendo akanyoosha miguu. Akatuuliza mbona tumeibeba.

Baadaye ndipo akaeleza. Mtoto akiwa juu sana kuliko mashine, maji yanaposhuka yanavuta kwa nguvu. Tumboni kukiwa na maji mengi hasikii. Yakibaki machache, kinachovutwa ni yeye mwenyewe ndani. Pale wodini kitanda na mashine vilikuwa usawa mmoja. Sebuleni kochi na meza vilikuwa usawa mmoja. Chumbani kwangu tulimpandisha mtoto ghorofani.

Mama mkwe, ambaye bado yuko upande wa pili wa mlango uliofungwa, akasema kwa sauti, "Si kama mpira wa maji wa kule shambani?"

Ndiyo. Ni kama mpira. Tunamwagilia kabichi kwa mpira unaotoka kwenye chemchemi juu ya kilima, na mipira ya hivyo nimeivuta toka mdogo kwetu, najua kabisa ukishusha mdomo chini unanyonya zaidi. Haikunijia hata siku moja kwamba mwanangu ndiye chemchemi.

Sasa njooni kwenye hasira yangu.

Nilimwambia sista mbona hamkunifundisha hili. Akasema nilikufundisha, nilisema mashine na mtoto wawe usawa mmoja. Nikasema hukusema. Akasema nilisema. Tumebishana pale na barakoa usoni mpaka Upendo akatuambia tunapiga kelele.

Labda alisema. Siku ile walisema mambo mengi na mimi nilikuwa nawaza mtoto asife. Labda hakusema, kwa sababu kwao vitanda vyote viko sawa, nani atakumbuka kukitaja kitu ambacho hakijawahi kuleta shida? Sijui. Mpaka leo sijui, na yeye nadhani hajui.

Ninachojua ni kwamba waliniuliza kuhusu choo cha mtoto, mikono yangu, akili zangu. Hakuna aliyeuliza analala wapi. Na mimi, kila waliponitaka nionyeshe, niliwaonyesha sebule.

Sista akampigia daktari akiwa amesimama dirishani sebuleni kwenye mtandao. Waliongea kirefu. Aliporudi akabonyeza bonyeza mashine, akasema daktari amebadilisha mpangilio. Kuanzia sasa haitamwaga maji yote kila mzunguko, itaacha kidogo tumboni ili isifike kwenye kuvuta, yote yatatoka mwishoni asubuhi akiwa macho. Akasema kwa watoto wengi hii inasaidia.

Nikauliza kama inasaidia watoto wengi, kwa nini hamkuiweka mwanzo? Akasema kwa sababu video zilionyesha hana maumivu.

Mnaona nilivyofungwa?

Akasema, "Mashine inabaki kwa sasa. Lakini ama ipande, ama mtoto ashuke." Tulijaribu kuipandisha. Tukaweka kreti juu ya kreti, ikayumba. Meza ya sebuleni ni fupi na haipiti mlangoni. Kitanda kikishushwa, viazi havina pa kwenda. Jikoni kuna moshi na joto, stoo inavuja, na mbegu zile ndizo msimu wetu wote.

Nikamgeukia mama mkwe. Nilishamjibu mara moja siku hiyo, ya pili sikuwa nayo.

Aliweka birika chini. Akainama uvunguni, akavuta kreti la kwanza, akalibeba mwenyewe. Nikadhani anatoka nalo nje. Akaenda sebuleni. Akaondoa kitambaa kwenye kochi refu, akakikunja mara mbili, akaweka kreti la viazi mahali pa mgeni.

Akarudi kuchukua la pili. Sista akavua saa, akabeba gunia upande mmoja na mimi upande mwingine. Dereva tukamuita atusaidie kuinua kitanda tutoe matofali.

Gari liliondoka bila mashine. Lilikuwa na plamsi.

Usiku ule nilikaa macho nasubiri kilio. Hakikuja. Asubuhi Upendo aliamka, macho yake ni macho. Akalalamika kwamba kitanda kimekuwa cha watoto wadogo.

Jumapili iliyofuata mchungaji akapita kutusalimia. Akaingia, akasimama, akatafuta pa kukaa. Dirisha limefunikwa gunia ili mbegu zisipate mwanga. Mama mkwe akamsogezea kigoda cha jikoni, akamwambia karibu baba mchungaji, viazi vimetangulia. Akamtilia chai gizani. Hakuomba radhi.

Nilichojifunza nakiandika wazi hata kama kinaniuma. Anayekuja kumtibu mwanao si mgeni. Mpeleke uvunguni. Muonyeshe magunia, panya kama yupo, ndoo, kila kitu. Na nyie wa hospitali mnaopita humu, maana najua mpo, msimpe mzazi mashine kabla hamjamuuliza mtoto analala juu ya nini.

Ila bado nimechanganyikiwa na nawaomba msaada. Matofali yalitoka siku ile ile mpangilio ulipobadilishwa. Kwa hiyo ni kipi kilichomwondolea maumivu? Sista anasema vyote. Daktari anasema mpangilio. Mama mkwe anasema aibu ya mashine imeisha kwa kuwa sasa imezoea watu. Naogopa kumuuliza mtu kama naweza kurudisha tofali mojamoja, maana msimu wa viazi unakuja tena na sebule imejaa.

Mwenye mtoto kwenye mashine ya hivi, au aliyewahi kufanya kazi nazo, aniandikie hapa hapa chini tusome wote. Wa kunicheka pia ruksa, nimeshazoea.

Na mwanao akikwambia kuna kitu kinamvuta, usikimbilie papai. Muulize kinamvuta wapi. Wangu alikuwa na jibu muda wote, alikuwa anangoja swali.